Chakula cha Halali Kisichomfaa Kila Mtu

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa yetu ya baada ya Alasiri mama mmoja wa huku Msambweni alituletea swali kwa kijikaratasi. Asema: "Mwanangu akila chapati au mahamri tumbo humfura, akaharisha, na kila mwezi azidi kukonda. Daktari ameniamrisha nimwondolee kila kitu cha ngano. Lakini jamaa za mume wangu wasema kwamba namharimishia mtoto riziki aliyoihalalisha Mungu, na kwamba mambo haya ni uzungu. Je, nina makosa?"

Jawabu yake kwa ufupi ni hii: Mama, huna kosa, bali twakutarajia thawabu. Na jawabu kwa urefu twaieleza hapa, kwani swali hili si la nyumba moja.

HALALI NA KUFAA NI MAMBO MAWILI

Yapasa kufahamika kwanza ya kwamba kusema "chakula hiki ni halali" si kusema "chakula hiki chamfaa kila mtu." Halali ni hukumu ya sheria, nayo haibadiliki kwa ajili ya tumbo la fulani. Kufaa ni hali ya mwili, nako hukhitalifiana baina ya mtu na mtu, hata baina ya ndugu wa tumbo moja. Ngano ilikuwa halali jana, ni halali leo, na itakuwa halali kesho. Mama huyu hakuiharimisha. Amemkinga mwanawe nayo, kama amkingavyo na jua kali.

Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Wamepokea Abu Dawud na Tirmidhi khabari ya Ummul-Mundhir, bibi wa Kiansari, kwamba Mtume s.a.w. aliingia nyumbani kwake pamoja na Sayyidna Ali, naye Ali alikuwa ndiyo kwanza anainuka katika maradhi. Palikuwa na mashada ya tende yametundikwa. Mtume akala, na Ali akaanza kula. Mtume akamzuia, akamkumbusha kwamba yeye bado ni dhaifu. Kisha yule bibi akapika mboga na shayiri, na Mtume akamwambia Ali ale hicho, kwani ndicho kimfaacho zaidi.

Tazameni basi. Tende, tunda tulipendalo kufuturia, mmoja alikula na mwengine akazuiliwa, kwenye nyumba moja na saa moja. Wanazuoni wakaita kujizuia huku "himya," wakakufanya ni mlango mkubwa wa tiba.

Huenda mtu akasema: "Lakini shayiri ni chakula cha Mtume, vipi imdhuru Muislamu?" Twamjibu kwamba alilotufunza Mtume katika khabari hii ni kutazama mgonjwa afaa nini. Shayiri ilimfaa Ali siku ile. Mtoto ambaye shayiri yamdhuru, kumfuata Mtume ni kumwondolea shayiri na kumpa kimfaacho.

MARADHI YENYEWE

Ndani ya ngano mna kitu kiitwacho gluteni. Ndicho kinachoufanya unga uliokandwa uvutike kama ulimbo, na ndicho kinachoiwezesha boflo kuumuka. Shayiri inacho, na nafaka ya Ulaya iitwayo rai inacho pia. Mchele, mahindi, mtama, mawele, wimbi, mhogo na viazi havinacho.

Wako watu ambao gluteni ikiingia tumboni, mwili wao huupiga vita utumbo wao wenyewe. Ndani ya utumbo mna vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Vinyweleo hivyo hulala na kufa, na mtu akawa ala lakini hashibi mwilini. Mtoto hudumaa, damu hupungua, tumbo hufura. Maradhi haya yaitwa siliaki. Duniani huwapata watu kama 1 katika kila 100, na huandamana na damu: akiwa nayo mtoto mmoja, yafaa wazazi na ndugu zake nao wapimwe.

Wako wengine wasio na maradhi hayo, lakini wakila ngano huvimba midomo, hutoka vipele au hubanwa na pumzi mara moja. Huo ni mzio wa ngano, na mtu akibanwa na pumzi akimbizwe hospitali papo hapo. Na wako wa tatu, ambao ngano huwasumbua matumbo bila ya utumbo wao kuharibika.

Ama sababu yake ilivyojulikana ni kisa cha kuzingatiwa. Uholanzi palikuwa na daktari wa watoto, Willem Karel Dicke, aliyekuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika kipupwe cha 1944 na 1945 vita vilileta njaa kubwa katika nchi yake, mkate ukakosekana. Watoto wengi walidhoofika kwa njaa ile, lakini watoto wenye maradhi haya wakapata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi yakarudi. Mwaka 1950 akaiandika ilimu hiyo na kuithibitisha.

Na asemaye kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, naajue ya kwamba mwaka 1999 madaktari walitangaza khabari za watoto wa Sahara ya Magharibi, ambao ni Waislamu wasemao Kiarabu. Waliwapima watoto 990, wakaona zaidi ya 5 katika kila 100 wana siliaki, nayo ni hisabu kubwa kuliko ya Ulaya. Maradhi hayaulizi mtu kabila yake.

USIANZE KWA KUKISIA

Hata hivyo twawanasihi ndugu zetu wasitoke hapa wakasema kila tumbo linalouma limeumwa na ngano. Huku kwetu kusini, toka Ukunda hata Vanga, siliaki si maradhi ya kila mlango. Kichocho na safura tunavijua zaidi, navyo pia hukondesha mtoto na kumpunguzia damu. Wako pia watu wazima wengi ambao maziwa mabichi huwafura matumbo, na wakinywa maziwa ya mgando husalimika. Basi mtoto apelekwe kwanza hospitali, apimwe choo, mkojo na damu.

Na jambo hili mulishike sana: kipimo cha damu cha siliaki hutafuta athari za vita vile vya mwilini. Mtu akiiacha ngano miezi kadha kabla ya kupimwa, athari hufifia, na kipimo kikasema hana kitu naye anacho. Kwa hivyo apimwe angali akila, kisha ndipo aache kwa amri ya tabibu. Lakini mwenye mzio unaombana pumzi asijaribu kula ngano kwa ajili ya kupimwa. Huyo aiepuke, amueleze tabibu.

Sisemi haya kama mtu aliye mbali. Binti yangu alipokuwa na miaka sita alikuwa na hali kama ya mtoto wa mama huyu. Watu wakasema ni kijicho, wengine wakasema ni pepo wa ukoo. Za mapepo sikuzisikiliza, alhamdulillahi, lakini nilimsomea Kurani asubuhi na jioni kwa miezi minane, na tabibu sikumwendea. Kisomo hakikuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kukifanya kisomo badala ya tabibu, na hali Mtume wetu ametuamrisha kujitibu. Miezi ile minane mtoto hakurefuka hata kidogo, nami ndimi nitakayeulizwa juu yake.

JIKO LETU LINATOSHA

Wengi wakiambiwa "acheni ngano" hudhani wameambiwa wafe njaa, au wanunue vile vyakula vya pakiti viuzwavyo ghali katika maduka makubwa, ambavyo wageni wa Diani huvinunua. Hakuna haja. Ngano haioti pwani yetu. Huja kutoka bara, na sehemu iliyo kubwa hutoka nchi za mbali kwa meli. Wazee wetu waliishi na vyakula vya nchi yao.

Asubuhi, badala ya mahamri kwa mbaazi, mbaazi ni zile zile, ziliwe kwa mhogo wa kuchemsha au viazi vitamu. Vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina asili yao ni mchele na tui la nazi. Mkate wa mofa asili yake ni mtama. Mchana wali wa mpunga wa Vanga, au sima, kwa samaki wa Gazi, kunde, pojo, mchicha, kisamvu au mchunga. Na Ramadhani, badala ya kaimati na sambusa, kuna mhogo wa nazi, ndizi mbichi za nazi, bhajia za dengu, tende, na uji wa mchele au wa wimbi. Hizi si futari za kimasikini. Ndizo tulizolelewa nazo.

Sheria yenyewe yatuelekeza huko. Zaka ya fitri katika madh-hebu ya Imamu Shafii hutolewa kwa chakula kikuu cha watu wa nchi. Ndiyo maana tunatoa pishi ya mchele, vibaba vinne, wala hatutafuti shayiri ya Madina.

Ila muangalie pengo moja. Unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani, tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya yalazimisha utiwe madini ya chuma na vitamini. Anayeacha unga ule alipize kwa kunde, majani ya kijani, samaki, mayai na maini.

MAMBO YA KUHADHARI

Kwa mwenye siliaki, hata makombo humdhuru. Basi:

Kwanza, mashine ya kusagia. Ikiwa imesaga ngano kabla ya mtama wako, mtama wako umechanganyika. Saga nyumbani, au tafuta mashine isiyosaga ngano.

Pili, unga wa uji wa kuchanganya. Baadhi yake hutiwa ngano. Soma maandishi ya pakiti, au uchanganye mwenyewe.

Tatu, mafuta na vyombo. Bhajia ya dengu iliyokaangwa katika mafuta ya sambusa si salama tena. Mgonjwa awe na mwiko wake na sufuria yake.

Nne, uliza muuzaji. Viazi karai huvikwa unga wa ngano mara nyingi, na wako watiao ngano katika vitumbua na mofa ili zishikane.

Tano, mhogo mchungu una sumu. Umenywe, uroekwe na ukaushwe sawasawa. Na mahindi na njugu zilizoota ukungu zitupwe: mwaka 2004 sumu ya ukungu wa mahindi iliua watu 125 katika nchi yetu hii, wengi wao Makueni na Kitui.

ADABU ZA KARAMU

Limebaki jambo ambalo naliona ni zito kuliko unga wote, nalo ni ndimi zetu. Mama aliyeuliza hakushindwa na jiko. Ameshindwa na maneno.

Baada ya binti yangu kupimwa na kujulikana, tulialikwa hitima. Zikaletwa sinia za bokoboko. Mtoto akarudisha mkono. Mwenye nyumba akaona vibaya, nami nikaona haya mbele ya watu, nikamkaripia binti yangu kwamba kukataa chakula cha watu ni utovu wa adabu. Akala, kwa kunitii. Usiku ule hakulala, wala mamake hakulala, na mimi niliyejua hukumu na nikaijua ile khabari ya Ummul-Mundhir, niliipindua kwa ajili ya haya za watu.

Utovu wa adabu ulikuwa wangu. Mtume s.a.w. aliandaliwa kenge wa jangwani nyumbani kwa Bibi Maimuna, asimle, akaeleza kwamba nafsi yake haimtaki kwa kuwa hakumzoea katika nchi ya watu wake. Na Khalid bin Walid akamla palepale, wala Mtume hakumkataza. Hakukilaumu chakula, wala hakukila. Hiyo ndiyo adabu ya mgeni: aache bila ya kutoa aibu. Na adabu ya mwenyeji ni kutolazimisha, na asiseme "onja kidogo tu," kwani hicho kidogo ndicho kidhuru. Akitaka kumkirimu mgonjwa, amuwekee wali mweupe na samaki katika sahani yake mbali; haitampunguzia kitu katika karamu yake.

Nanyi wakwe na mawifi, mama amlindaye mwanawe musimwite mwenye kiburi. Msaidieni kupepeta mtama.

Haya ndiyo tuliyoyaona katika swali hili. Mama ajibiwe jamaa zake kwa upole, awasomee makala haya akipenda, na amri ya tabibu aendelee nayo. Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, na atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na yale tuliyoyafanya nasi twajua.

Wabillahi taufiki.