Dondoo muhimu: Kabla ya kuongeza nguvu ya Subaru EJ20

Injini hii ya turbo, yenye ujazo wa cc 1,994, hulipa fadhila kwa anayeiandaa vizuri.

• Pima kompresheni ya silinda zote nne. Moja ikiachwa mbali na wenzake, fungua injini. Usiguse turbo kwanza.

• Osha njia za oili. Chembe ya chuma iliyobaki baada ya kuchonga bloku hukwaruza beringi za krenki. Bomba la kufyonza oili la kiwandani huweza kupasuka. Funga lililo imara zaidi.

• Badilisha belti ya taiming mapema. Ikikatika, valvu hugonga pistoni.

• Rekebisha kompyuta ya injini kwa petroli unayoinunua kila siku. Oktani ikishuka, injini hugonga na kumegua pistoni pale ringi zinapokaa.

• Shibisha mchanganyiko. Petroli huungua kikamilifu kwa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, lakini turbo ikisukuma kwa nguvu, karibu 11 ni salama zaidi: petroli ya ziada hupoza silinda.

• Kagua oili kila unapojaza petroli. Nguvu isiyodumu ni hasara.