Ugali wa mama na kisukari

Swali: Daktari, mama ana kisukari aina ya 2. Tumemkataza ugali, sasa hana raha wala hamu ya kula. Tufanyeje?

Jibu: Mrudishieni ugali wake! Uwe wa dona, ukubwa wa ngumi yake, na nusu ya sahani ijae mchicha au matembele. Maharage au samaki pembeni husaidia sukari isipande ghafla. Akishakula, atembee dakika 10 hadi 15, kwa kuwa misuli ikifanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu. Juisi aache, hata ya matunda matupu. Ale tunda lenyewe. Huzuni yake msiidharau, maana msongo wa mawazo nao hupandisha sukari. Msimpikie chakula cha peke yake. Nyote kuleni hicho hicho, na dawa asiache bila kumwona daktari wake.