Sumakuumeme: Mkondo, Dira na Suala la Mkono Upi

Ndugu mtahiniwa, mada hii inaogopwa kwa sababu moja tu, nayo ni mwelekeo. Hesabu zake ni za kuzidisha, na anayejua kuzidisha hazimshindi. Alama hupotea pale swali linapouliza waya utasukumwa upande gani, mwanafunzi akainua mkono usio wenyewe. Kwa hiyo hapa tutakaa sana kwenye mwelekeo, na mengine tutayapitia upesi.

Kama unasoma Kibaha, uwe Kwa Mathias, Tumbi au Maili Moja, mfano wetu mkuu hauko mbali nawe. Upande wa kusini, penye stesheni ya Soga, inapita reli ya SGR. Treni zake za abiria zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Zinavutwa kwa umeme: juu ya reli kuna waya wenye volti 25,000, na mkondo ukishapita kwenye mota za treni hurudi kwenye kituo cha umeme kupitia reli zenyewe. Mkondo ni geu, yaani hubadili mwelekeo, na ni wa hezi 50. Mambo haya mawili, mkondo geu na mkondo wa kurudi, yashike vizuri. Tutayahitaji.

Mkondo huzaa uga wa sumaku

Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya uliopitisha mkondo. Waya haukuwa wa chuma. Kilichoigeuza sindano ni chaji zilizokuwa zikienda ndani ya waya. Uga unaozalishwa hauelekei kwenye waya wala hautoki kwenye waya, bali unauzunguka kama bangili inavyouzunguka mkono.

Ili kupata mwelekeo, shika waya (kwa mawazo!) kwa mkono wa KULIA, dole gumba likielekea mkondo unakokwenda. Vidole vinne vinavyokunja ndivyo uga unavyozunguka. Ukubwa wa uga karibu na waya mrefu ulionyooka ni

B = 2 × 10⁻⁷ × I ÷ r

ambapo I ni mkondo kwa ampea, r ni umbali kutoka kwenye waya kwa mita, na B ni kwa tesla. Ukienda mbali mara mbili, uga unabaki nusu.

Sasa tufanye mfano ambao ukiuelewa, umemaliza nusu ya mada. Tuseme waya wa juu ya reli unapitisha ampea 200, na tuusahau kwa muda ugeu wa mkondo: tuuchukulie kuwa unakwenda upande mmoja tu, kutoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro, yaani magharibi. Dira iko chini ya waya, umbali wa mita 6.

B = 2 × 10⁻⁷ × 200 ÷ 6 = 6.7 × 10⁻⁶ T

Uga wa dunia hapa Pwani, ile sehemu yake ya mlalo inayoigeuza dira, ni takriban 2.7 × 10⁻⁵ T kuelekea kaskazini. Kwa hiyo uga wa waya ni kama robo ya ule wa dunia. Si mdogo wa kupuuzwa. Je, dira itageuka?

Wengi watajibu ndiyo. Shika waya kwa mkono wa kulia, dole gumba magharibi. Juu ya waya vidole vinaelekea kaskazini, na chini ya waya vinaelekea kusini. Dira iko chini. Uga wa waya unaelekea kusini moja kwa moja, ukipingana na uga wa dunia kwenye mstari uleule. Jumla ni 2.7 × 10⁻⁵ kutoa 0.67 × 10⁻⁵, sawa na takriban 2.0 × 10⁻⁵ T, bado kaskazini. Sindano haigeuki hata nyuzi moja. Uga unaoishikilia umepungua nguvu tu, lakini kwa macho huoni kitu.

Geuza reli hiyo ielekee kaskazini, mkondo ukienda kaskazini. Sasa uga chini ya waya unaelekea magharibi, pembemraba na uga wa dunia, na sindano inageuka kwa pembe ambayo tanjenti yake ni 0.67 ÷ 2.7, yaani takriban nyuzi 14 kuelekea magharibi. Ampea zilezile, umbali uleule, jibu jingine kabisa. Ndiyo maana katika jaribio la maabara mwalimu wako hutandaza waya kaskazini–kusini kabla ya kufunga swichi. Swali likikuuliza kwa nini waya umewekwa hivyo, unajua la kuandika.

Turudi kwenye treni halisi. Mkondo wake hugeuka mara 100 kwa sekunde (mizunguko 50, kila mmoja una migeuko miwili). Sindano ni nzito mno kufuata mwendo huo: kabla haijaanza kwenda upande huu, inavutwa upande wa pili. Haitageuka hata reli ingeelekea kaskazini. Tena mkondo unaorudi kwenye reli unakwenda kinyume na ule wa juu, hivyo kwa aliyesimama mbali kidogo na njia, nyuga hizo mbili hupunguzana. Anayesema waya ule unaweza kunyang'anya kisu mkononi kwa usumaku hajapiga hesabu. Hatari yake ni volti. Volti 25,000 zinaweza kuruka hewani bila kuguswa, kwa hiyo ngoeko ndefu ya kuangulia maembe, au bomba la chuma begani, havipaswi kusogea karibu na waya ule. Hili si la mtihani, lakini lijue.

Ukitaka kuona uga wa mkondo mnyoofu, tafuta daladala inayowashwa stendi. Mota ya kuwashia injini huvuta mkondo mkubwa kutoka kwenye betri kwa sekunde moja au mbili. Tuseme ni ampea 150. Kwenye umbali wa sentimita 10 kutoka kwenye kebo nene ya betri, B = 2 × 10⁻⁷ × 150 ÷ 0.1 = 3 × 10⁻⁴ T, zaidi ya mara kumi ya uga wa dunia uliotuongoza hapo juu. Mwombe dereva ruhusa, weka simu yenye programu ya dira karibu na kebo, mbali na feni na mikanda, kisha awashe. Bodi ya gari ni chuma na itaipotosha dira hata kabla ya kuwasha, kwa hiyo tazama mruko wa ghafla, usitazame namba.

Chaji inayokwenda husukumwa

Tugeuze suala. Mkondo unazaa uga, sawa. Mkondo ukiingia ndani ya uga wa sumaku nyingine unasukumwa. Kwa chaji moja q yenye kasi v, ikikata uga B kwa pembemraba,

F = Bqv

Chaji iliyotulia haisukumwi. Chaji inayokwenda sambamba na uga pia haisukumwi. Ni ile inayoukata uga tu.

Fomula ya waya, F = BIL, ni hiyohiyo. Chukua chaji Q inayopita kwenye waya wenye urefu L kwa muda t. Kasi yake ni L ÷ t, hivyo F = BQL ÷ t. Lakini Q ÷ t ndiyo mkondo I. Basi F = BIL. Usikariri fomula mbili kana kwamba ni ndugu wasiofahamiana. Elektroni ndani ya waya huenda polepole mno, mara nyingi chini ya milimita moja kwa sekunde, lakini ni nyingi kupita kiasi, ndiyo sababu kani inakuwa kubwa ya kuzungusha mota na kuvuta mabehewa.

Mwelekeo wa kani hutumia mkono wa KUSHOTO, kanuni ya Fleming: kidole cha shahada ni uga, cha kati ni mkondo, dole gumba ni kani, vyote vitatu vikiwa pembemraba. Mkono wa kulia unakueleza uga unaozaliwa na mkondo, wa kushoto unakueleza kani inayoupata mkondo ukiwa ndani ya uga wa kitu kingine. Soma swali, jiulize ni lipi kati ya hayo mawili, ndipo uinue mkono.

Jaribu kwa waya wetu wa Soga wenye mkondo wa kwenda magharibi, ukiwa ndani ya uga wa dunia unaoelekea kaskazini. Shahada kaskazini, cha kati magharibi, dole gumba linaelekea chini. Kwa kipande cha mita 50:

F = 2.7 × 10⁻⁵ × 200 × 50 = 0.27 N

Hiyo ni uzito wa gramu 27 hivi, kama nusu ya yai. Na kwa kuwa mkondo ni geu, kani hiyo hushuka na kupanda mara 50 kila sekunde, wastani wake sifuri. Ndani ya mota mambo ni tofauti kwa sababu uga wake ni mkubwa mara maelfu kuliko wa dunia, na waya umezungushwa mizunguko mingi.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wanafunzi wazuri. Kidole cha kati ni mkondo, na mkondo huhesabiwa kwa mwendo wa chaji chanya. Elektroni ikienda kulia, kidole chako kielekee KUSHOTO. Miale ya beta ni elektroni, hivyo inapinda kinyume na alfa, ambayo ni chanya. Gama haina chaji, inanyooka tu.

Televisheni za chogo zilitumia jambo hilihili. Koili shingoni mwa chogo zilipindisha elektroni zipige kila sehemu ya kioo. Aliyewahi kuona kibanda umiza kilichoweka spika kubwa kando ya televisheni, rangi zikageuka zambarau pembeni, aliona F = Bqv kwa macho. Kani hiyo iko pembemraba na mwendo siku zote, hivyo hupindisha njia lakini haiongezi wala kupunguza kasi.

Maswali ya kujipima

1. Waya wa mita 0.5 unapitisha ampea 4 pembemraba na uga wa 0.2 T. Tafuta kani. Itakuwa kiasi gani waya ukigeuzwa usambae na uga?

2. Waya umesimama wima, mkondo unapanda. Dira imewekwa mashariki mwa waya, kisha ikahamishiwa kaskazini mwake. Sindano itafanya nini kila mara?

3. Protoni inakwenda mashariki ndani ya uga unaoelekea kaskazini. Itasukumwa wapi? Na elektroni je?

Majibu

1. F = 0.2 × 4 × 0.5 = 0.4 N. Ukisambaa na uga, kani ni sifuri.

2. Mashariki mwa waya, uga wa waya unaelekea kaskazini pamoja na wa dunia, hivyo sindano haigeuki. Kaskazini mwa waya, uga unaelekea magharibi, na sindano inageukia magharibi.

3. Protoni inasukumwa juu, elektroni chini.