Dondoo muhimu: Oyieko kwa shamba lenye maji

Vinamasi vya Asia vina Cephalanthus, kichaka cha jamii ya kahawa kinachostahimili kusimama majini. Kwetu Migori na Homa Bay, kazi hiyo ni ya oyieko (Sesbania sesban), ambao ni wa ukoo wa maharagwe. Afadhali hivyo, kwani mizizi yake huirutubisha ardhi kwa naitrojeni.

• Una shamba kando ya Mto Kuja au katika mradi wa umwagiliaji wa Kimira-Oluch? Panda kwenye kingo na sehemu zinazotuama maji.

• Mbegu ina ganda gumu. Iloweke usiku kucha ndipo uipande mvua zikianza.

• Usiukate chini kabisa; wengi huuua hapo. Acha shina la kimo cha goti au zaidi, litachipua.

• Majani ni lishe nzuri ya ng'ombe na mbuzi, lakini yachanganye na nyasi.

• Usiupande karibu na nyanya wala sehemu utakayopanda nyanya msimu ujao: hufuga minyoo fundo, nayo hushambulia mizizi ya nyanya.

• Ukomavu wake ni wa haraka, na maisha yake mafupi. Weka akiba ya mbegu kila mwaka.