Wafula Yupi Anadaiwa? Kupanga Hifadhidata ya Duka la Pembejeo

Mahindi yakishavunwa, maduka ya pembejeo ya Kiminini hufungua madaftari ya madeni. Mkulima aliyechukua mbegu na mbolea kwa mkopo mwezi Machi huja kulipa, na mvutano huanza. Daftari linasema Wafula anadaiwa shilingi 5,500. Kwa Wabukusu, jina hilo hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa msimu wa mvua, na Wafula ni wengi. Akidaiwa asiyehusika, duka hupoteza mteja.

Kununua kompyuta pekee hakutatui jambo hili. Mwenye duka akihamisha daftari lilivyo hadi kwenye jedwali moja refu, mteja aliyenunua mara saba ataandikwa jina na simu mara saba. Akibadilisha laini, mistari mitatu itarekebishwa, minne isahaulike.

Mwaka 1970, Mwingereza Edgar F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, alichapisha wazo la kugawa data katika majedwali yanayohusiana. Duka la Kiminini linahitaji matano tu: Wateja, Bidhaa, Mauzo, Bidhaa Zilizouzwa na Malipo.

Kila mteja hupewa nambari isiyorudiwa wala kubadilishwa. Jina halifai kuwa utambulisho, na simu pia haifai kwa kuwa hubadilika au hutumiwa na watu wawili nyumbani. Jedwali la Mauzo huandika tarehe na nambari ya mteja. Jina na simu hubaki kwenye Wateja pekee.

Jedwali la Bidhaa Zilizouzwa ndilo huwachanganya wengi. Mathalani, mteja nambari 41 achukue pakiti 5 za mbegu kwa shilingi 500 kila moja na mifuko 2 ya mbolea kwa shilingi 3,500. Hayo ni mauzo mamoja yenye mistari miwili, jumla shilingi 9,500. Bei ya siku hiyo lazima iandikwe kwenye kila mstari, hata kama ipo kwenye Bidhaa. Mbolea ikipanda mwezi Juni, deni la Machi halipaswi kupanda nalo.

Malipo nayo yana jedwali lake, kwani wakulima hulipa kidogo kidogo. Mteja 41 akituma shilingi 4,000 kwa M-Pesa, zinabaki 5,500. Baki hiyo isiandikwe popote. Programu ikokotoe kila inapoulizwa.

LibreOffice Base inaweza kufanya kazi hii bila malipo, lakini mchoro uanze kwenye karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika tu, kwa hivyo nambari ya kitambulisho iachwe ikiwa duka haliitumii.

Kabla ya kuliweka daftari kando, ziingizwe kurasa zake kumi za mwisho, kisha programu iulizwe: Wafula yupi anadaiwa, na kwa bidhaa gani?