Mkaa, Joto na Geti la Shule

Wanafunzi wenzangu, sisi wa kutwa tunazijua taabu za asubuhi. Jiko lisipowaka mapema, chai hainyweki na geti linafungwa ukiwa bado njiani. Muhula uliopita nilichelewa siku tatu mfululizo, nikaokota takataka hadi mgongo ukauma. Kosa langu? Nilijaza jiko mapande makubwa ya mkaa nikidhani ndiyo huwaka upesi.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye kemia. Mkaa huungua chembe za oksijeni zinapogongana na kaboni, nazo hugongana kwenye uso wa nje. Chukua pande la mchemraba lenye kingo za sentimita 4. Eneo lake la nje ni sentimita mraba 96. Likate vipande 8 vya sentimita 2, eneo linakuwa 192. Mkaa ni ule ule, lakini mahali pa kugongana pameongezeka maradufu! Ila usiuponde uwe unga. Hewa haitapita katikati na jiko litazima. Nilijaribu, mama hakufurahi.

Kupepea nako huleta oksijeni zaidi. Washa jiko nje, tafadhali. Ndani ya nyumba iliyofungwa oksijeni hupungua, mkaa ukatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, nayo huua.

Joto ndilo lililonishangaza. Maabarani tulichora alama ya msalaba kwenye karatasi, tukaweka juu yake bika yenye sodiamu thiosalfeti, kisha tukamimina asidi haidrokloriki. Salfa ilitanda mpaka msalaba ukapotea. Tulipopasha mchanganyiko mwingine, ulipotea haraka zaidi. Mimi nikasema ni kwa kuwa chembe zinakimbia. Mwalimu akanikosoa: hiyo ni sehemu ndogo tu. Kugongana hakutoshi, lazima zigongane kwa nguvu ya kuvunja vifungo vya zamani, na joto huongeza sana idadi ya zenye nguvu hiyo. Ndiyo maana nyuzi 10 tu zaweza kukaribia kuongeza kasi ya mimenyuko mingi mara mbili.

Halafu kuna kichocheo. Tia unga mweusi wa oksidi ya manganizi katika haidrojeni peroksaidi, oksijeni itafoka povu. Uchuje unga, ukaushe, uupime: uzito haujapungua. Kwa hivyo mafuta ya taa si kichocheo cha mkaa, kama rafiki yangu alivyoandika mtihanini. Yenyewe huungua yakaisha, na mwezi ule yaliisha kweli.