Sheli ya Kuingilia katika Mfumo wa Unix

Mtumiaji aingiapo katika kompyuta yenye mfumo wa Unix, hasemi na kiini cha mfumo moja kwa moja. Kati yao husimama mkalimani: programu iitwayo sheli, ambayo huzipokea amri na kuzifasiri. Sheli ya Stephen Bourne ilitoka mwaka 1979. Bash ikafuata mwaka 1989 na zsh mwaka 1990.

Je, mfumo hutambuaje sheli ya kila mtu? Katika faili /etc/passwd kila mtumiaji ana mstari wake wenye sehemu 7, zilizotengwa kwa alama ya nukta mbili. Sehemu ya mwisho huitaja sheli yake. Amri chsh -s /bin/zsh huibadili sehemu hiyo, na badiliko huonekana aingiapo tena.

Hapa pana hatari. Jina la sheli likikosewa, mfumo humtafuta mkalimani asiyekuwapo, na mtumiaji hufungiwa nje ijapokuwa neno lake la siri ni sahihi. Ndiyo maana chsh humruhusu mtumiaji wa kawaida kuchagua tu sheli zilizoorodheshwa katika /etc/shells. Msimamizi alihaririye faili lile kwa mkono hana kinga hiyo. Basi asitoke kabla hajajaribu kuingia upya kwa kituo cha pili.